Mluzi Ambao Kalisti Hakuusikia

Pale Kahama, upande wa Nyihogo, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, kulikuwa na studio ya muziki yenye mlango wa chuma uliopakwa rangi ya bluu. Mwenye studio aliitwa Kalisti, ila jina hilo lilitumiwa na mama yake, watu wa karibu na kitambulisho cha taifa tu. Watu wengine wote walimwita Masikio. Alilipata jina hilo mwaka wake wa kwanza wa kazi, siku alipoisimamisha kwaya nzima katikati ya wimbo, akamnyooshea kidole mpiga gitaa aliyekaa nyuma kabisa.

"Wewe kaka, waya wako wa tatu umelegea."

Mpiga gitaa akaujaribu. Kweli ulikuwa umelegea. Kwaya ikashangilia, habari zikafika Shinyanga na Geita, na tangu hapo manju wa ngoma za Kisukuma, waimbaji wa harusi na wa injili wakawa wanapishana mlangoni kwake.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba kabla ya studio Kalisti alikuwa amekaa miaka mitano kwenye machimbo ya Nyarugusu akisimamia karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Karasha haina adabu. Ukiisimamia, mtu akitaka kukuambia kitu anakuvuta shati. Wenzake walikata vipande vya sponji ya godoro wakaziba masikio. Kalisti aliwacheka, akawaita watoto wa mama. Jioni alipolala, kichwa kilimlia kama kuna nyenje ndani, na asubuhi zile nyenje zilikuwa zimenyamaza, basi naye akajiona mzima.

Alipokuja kuacha machimbo na kufungua studio, nyenje zilikuwa hazinyamazi tena. Kisha vitu vikaanza kupotea kimoja kimoja. Walipotea ndege wadogo wa asubuhi. Akasema ndege wamehama kwa sababu ya vumbi la pumba. Ukapotea mlio wa ujumbe kwenye simu. Akasema simu mbovu, akanunua nyingine. Na kwenye kazi zake ikapotea ile sauti nyembamba ya visahani vya ngoma, chi-chi-chi, ambayo watu wa studio wanaiita haihati. Hiyo hakuisemea neno. Aliipandisha tu mpaka aisikie, na kila mwaka aliipandisha zaidi kidogo.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Mariana.

Mariana alikuwa mwimbaji wa Tinde, mama wa watoto wawili, mwenye sauti ya kupasua uwanja bila kipaza sauti. Aliongoza wanawake katika kundi la manju Jilala, na nyimbo zote za kundi hilo zilirekodiwa kwa Kalisti. Siku moja ya mwezi wa tatu, kundi zima likiwa limebanana kwenye viti vya plastiki kusikiliza wimbo mpya, Mariana aliinua mkono.

"Kaka Kalisti, hiyo chi-chi iko juu mno. Inachoma kama sindano."

Kalisti alihisi joto likimpanda shingoni. Aligeuza kiti chake taratibu, akatabasamu kwa ajili ya wale wengine.

"Mariana, wewe kazi yako mdomo. Masikio niachie mimi."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mariana naye alicheka, ila kidogo sana, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Mwezi wa tano Jilala alimpigia Kalisti simu. Jilala alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mrefu, mpole, na msimu wa mbina ulikuwa unakaribia, ule wakati wa baada ya mavuno ambapo makundi hushindana uwanjani na watu huja kutoka vijiji vya mbali.

"Nyimbo za mwaka huu zote zina ngoma moja," alisema Jilala. "Nikisikiliza ya mpinzani wangu Ngusa, nikisikiliza yangu, nikisikiliza ya hao wa Bariadi, ni dundo lile lile. Mnalitoa wapi?"

Kalisti alimweleza kwamba karibu kila studio ina kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna ngoma zilizokwisha kurekodiwa huko duniani. Prodyuza anabofya tu.

"Basi mimi nataka ngoma isiyobofywa. Kuna mama mmoja kule Mwadui, mjane wa Marselino. Marselino alikuwa fundi umeme wa mgodi, tena alipiga muziki na marehemu baba yangu. Ameacha mashine mbili za ngoma za zamani, za analojia. Mama anataka kuzitoa zisije zikaliwa na panya. Moja amewaahidi vijana wa parokia. Nyingine anatupa sisi, na ameturuhusu tuchague kwanza."

Kalisti alicheka. "Mzee, Serikali imehangaika miaka yote kututoa analojia kutupeleka dijitali, wewe unaturudisha?"

Lakini moyo wake ulikuwa umeshadunda. Alikuwa amesoma mengi juu ya mashine hizo kwenye simu. Alijua kwamba mashine ya analojia haihifadhi sauti ya ngoma yoyote. Inaitengeneza palepale, umeme ukipita kwenye nyaya na vifaa vyake, na kwa sababu hiyo hakuna mapigo mawili yanayofanana kabisa. Alijua kwamba zipo zenye mshindo mrefu unaotambaa chini kwa chini, na zipo zenye mshindo mfupi mkavu. Alijua yote ambayo mtu anaweza kuyajua kwa kusoma.

Walikwenda Mwadui watatu, Jilala, Mariana na yeye. Mariana alichukuliwa na Jilala mwenyewe. "Wimbo ni wa wanawake nusu nzima," alisema, "lazima na wao wasikie."

Nyumba ya mjane huyo, Mama Paskazia, ilikuwa moja ya zile nyumba za zamani za mgodi, zenye madirisha mapana na veranda ya saruji nyekundu. Mama mwenyewe aliwapokea akiwa amejifunga upande wa khanga juu ya gauni. Walimwamkia, wakapewa chai na viazi vitamu, wakampa pole ya msiba uliokuwa umeshapita mwaka. Ndipo akawaingiza sebuleni. Juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma, zilikaa mashine mbili.

"Marehemu alikuwa na vituko," alisema. "Alizipa majina kama ng'ombe. Huyu Dume, huyu Mtamba."

Dume alikuwa mkubwa, mwenye mbao ubavuni na vifundo vya kuzungusha safu mbili. Mtamba alikuwa mdogo, wa bati la kijivu, vifundo vinane tu, kimoja kimefungwa utepe mweusi. Marselino alikuwa ameacha pia spika kubwa aliyoitengeneza kwa mikono yake.

Kalisti alianza na Mtamba. Dundo lake lilikuwa fupi, kavu, kama mtu anapiga kwato kwenye udongo mgumu. Si baya. Kisha akachomeka Dume, akabonyeza kitufe chekundu, na vikombe kabatini vikatetemeka. Dundo lilitoka ardhini, likapanda kwenye miguu ya kiti, likamfika Kalisti kifuani. Alilisikia kwa mifupa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijisikia yuko ndani ya muziki badala ya kuusimamia kwa nje, na macho yalimlowa.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye. Sikieni usafi huo. Hana kelele hata chembe."

Jilala alimtazama Mariana. Mariana alitazama sakafu.

"Na huo mluzi, baba?" aliuliza Mama Paskazia kwa upole. "Zamani haukuwepo."

Kalisti alisita kidogo tu. Angeweza kuuliza, mluzi gani? Maneno mawili tu. Lakini yeye alikuwa Masikio, na Mariana alikuwa amekaa palepale.

"Huo ndio utamu wa analojia, mama," alijibu. "Mashine iliyo hai lazima ipumue. Na hapo sijampandishia haihati. Sikilizeni."

Akazungusha kifundo cha haihati, akazungusha tena, mpaka naye akaipata kwa mbali. Mbwa aliyekuwa amelala mlangoni aliinuka akaondoka. Jilala alifumba macho. Na Mama Paskazia, kwa aibu ya mwenyeji asiyetaka kumkosea mgeni, aliinua mikono yote miwili polepole akaiweka juu ya masikio yake.

Kalisti aliiona ile mikono. Katika chumba kile kulikuwa na kitu ambacho watu watatu na mbwa walikisikia, na yeye alikuwa hakisikii. Alikuwa ameyajua haya siku nyingi, ila siku zote aliyajua kwa upande, kama mtu anavyojua kuna nyoka kwenye rundo la kuni na akaacha kuchukua kuni za upande ule. Sasa nyoka alikuwa mezani.

Mariana alisema, kwa sauti ya chini, "Kaka, huyu mdogo ni msafi zaidi. Hata maneno yetu yatasikika."

"Tunachukua Dume," alisema Kalisti, akazima swichi.

Jilala aliridhika kwa sababu aliyesema ni Kalisti. Mtamba akaenda parokiani.

Walirekodi wiki mbili. Siku ya kwanza tu Jilala aliuliza, "Hii sauti kama ya mbu itatoka?"

"Itatoka, mzee. Nikisafisha."

Na alijaribu kusafisha. Alifunga mlango wa bluu saa za mchana, akatazama kwenye kioo cha kompyuta ule mstari mwembamba uliosimama juu kabisa, ukipanda na kushuka kila Dume alipopiga. Aliukata. Akasikiliza, hakusikia tofauti. Akakata zaidi. Lakini mtu asiyesikia anachokikata hukata chochote. Mluzi ukabaki, kilichopungua ni sauti ya Mariana. Ile sauti ya kupasua uwanja ikatoka kama ya mtu mwenye mafua, na mluzi umeikalia juu. Kalisti hakuyajua hayo. Aliyajua kidogo tu, kutokana na nyuso za watu, na nyuso aliacha kuzitazama.

Wimbo ulizinduliwa katikati ya mwezi wa saba, kwenye uwanja wa shule pale Tinde. Jua lilikuwa bado juu. Watu walijaa mpaka kwenye matawi ya mikaratusi. Kundi la Ngusa, mpinzani wa Jilala wa miaka mingi, lilikuwa limeshacheza na kushangiliwa, likakaa pembeni kutazama. Spika zilipangwa mbili mbili kama kabati. Kundi la Jilala lilisimama kwenye mstari tayari kuingia, yeye mbele na usinga wake, Mariana akiongoza wanawake. Wimbo ukafunguliwa.

Dundo la Dume lilipotoka watu walipiga yowe la furaha. Kalisti, aliyekuwa amesimama karibu na jenereta, alifumba macho kwa shukrani. Alipoyafumbua, aliona mama mmoja amemfunika mtoto wake kichwa kwa khanga. Aliona wazee wanakunja nyuso. Kisha wachezaji wa Ngusa wakaanza kutoa midomo mbele, mmoja, watatu, kundi zima, na uwanja ukaangua kicheko. Kalisti hakusikia walichokuwa wanafanya. Ilibidi aitazame midomo yao iliyokunjwa ndipo aelewe kuwa wanapiga mluzi.

Jilala alicheza mpaka mwisho. Hakukosea hatua. Lakini alipotoka, alimfuata Kalisti nyuma ya jenereta, Mariana na wanawake wengine nyuma yake.

"Kalisti, mwanangu. Kile ni kitu gani?"

Kalisti alikuwa na nafasi nyingine ya kusema kweli pale, na jua lilikuwa linawaka, na watu wote wako wazi mbele yake. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Ni sauti ya Mariana, mzee. Ana mluzi kwenye meno. Nilijitahidi kuuficha, umenishinda."

Mariana hakupiga kelele. Alimtazama tu, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua mara ya pili ili ahakikishe ameielewa. Mmoja wa wanawake alisema, "Mbona akiimba uwanjani hatumsikii na mluzi?" lakini mwingine alisema, "Kipaza sauti hakidanganyi." Jilala alisugua paji la uso. Alikuwa ametoka kuchekwa mbele ya Ngusa, na mtu aliyemwamini alikuwa amemwonyesha ulikotokea uchungu. Alisema, pole pole, kwamba kwa msimu uliobaki wanawake wataongozwa na mwingine. Mariana akafungua kibwebwe cha kundi, akakikunja vizuri mara nne, akamkabidhi mkononi.

Kalisti aliviona vidole vyake vikikunja.

Siku zilizofuata hakuweza kukaa studio. Kila alipokaa, alimwona Mariana anakunja. Mke wake, Violeth, alimuuliza ana nini, akasema homa. Violeth akamwambia, "Homa gani inakufanya upige kelele? Siku hizi ukiongea nami ni kama unaita mtu ng'ambo ya barabara." Alikuwa hajui kwamba anapiga kelele. Aliketi kitandani akajishika magoti. Siku ya tisa alipanda basi la Mwanza.

Katika hospitali aliyokwenda, mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Eunice. Alimweka kwenye kichumba kidogo, akamvisha vifaa vya kusikilizia, akampa kitufe. "Ukisikia sauti, hata ndogo kiasi gani, bonyeza."

Kalisti alisikia mlio mzito, akabonyeza. Ukaja mwingine, akabonyeza. Ukaja wa tatu. Kisha akakaa akisubiri. Alimtazama Eunice kupitia kioo, anaandika kitu. Akajikaza, akazuia pumzi. Mlango ukafunguliwa.

"Tayari kaka. Tumemaliza."

"Mbona hujaendelea?"

Eunice alikaa kwenye kiti kingine, magoti yao karibu kugusana. "Nimeendelea, kaka. Nimekupigia sauti saba. Nne za juu hukubonyeza." Akamwonyesha mchoro, mstari unaotembea vizuri kisha unatumbukia kama ukingo wa duara, lile shimo la machimboni. Akamuuliza kazi aliyowahi kufanya. Kalisti aliposema karasha, aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshawaona wengi. "Na sasa unafanya nini?"

Kalisti alimwambia anauza nguo. Hata kwa mtu asiyemjua, hata ndani ya kichumba kile kisichopitisha sauti, alishindwa. Alitoka akiwa na ile karatasi ya mchoro, akakaa kwenye benchi la nje mpaka haya ya ule uongo wa nguo ikamzidi ile nyingine. Uongo wa Tinde ulimtoka kwa hofu. Huu wa leo haukuwa na sababu yoyote. Ulimtoka kwa mazoea tu. Alirudi ndani, akagonga mlango.

"Dada, samahani. Siuzi nguo. Mimi ni prodyuza wa muziki."

Eunice hakucheka. Alisema tu, "Basi kaa, kuna mengine inabidi nikueleze."

Kalisti alikwenda kwa Jilala kwanza, asubuhi, ng'ombe wakiwa bado zizini. Wakasalimiana, "Mwangaluka," "Mwangaluka," akapewa kigoda. Alimpa mzee ile karatasi, kisha akakumbuka kwamba haitamwambia kitu, akaichukua tena na kusema kwa mdomo wake. Alisema yote. Jilala alisikiliza akichora ardhini kwa kijiti.

"Ulijua lini?" aliuliza mwishoni.

Hilo ndilo swali Kalisti aliloliogopa njia nzima. "Mwadui. Mama Paskazia aliposhika masikio."

"Kabla hatujarekodi."

"Kabla, mzee."

"Na pale Tinde, ulipomtaja yule binti, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Jilala alitupa kijiti. "Ugonjwa ungekuja kuniambia, ningekuuguza," alisema. "Nimemvua mtu kibwebwe mbele ya uwanja kwa maneno yako. Inuka. Twende ukayaseme mbele yake, na mimi nina yangu ya kusema."

Walimkuta Mariana uani kwao, yeye na mama yake, Suzana, wameketi kwenye turubai wakianika michembe, vile vipande vya viazi vya kukaushia kiangazi. Suzana hakuitikia salamu ya Kalisti. Tangu siku ya uzinduzi watoto wa jirani walikuwa wakipita pale ukutani wakipiga mluzi.

Kalisti hakukaa. Alisimama juani akaanza kusema, na baada ya sentensi mbili Mariana akamkatisha.

"Punguza sauti. Nakusikia."

Akapunguza, au alidhani amepunguza, maana wanawake wawili walitokea kwenye uzio wa minyaa, na baada yao mzee mmoja na baiskeli. Alitaka kunyamaza. Akamwangalia Mariana, naye Mariana akawatazama wale watu wa uzioni, kisha akasema, "Hapana. Sema kama ulivyokuwa unasema."

Basi akasema kwa sauti yake yote. Kwamba mluzi ulikuwa wa mashine. Kwamba yeye hausikii, masikio yake yamekufa upande wa juu tangu machimboni. Kwamba Mariana alimwambia mwezi wa tatu akamfanya kichekesho, na Mwadui akamwambia tena. Kwamba meno ya Mariana hayana kitu. Jasho lilimtiririka mgongoni. Aliyekuwa na baiskeli alitikisa kichwa akaenda zake, na Kalisti alijua kwamba kufika jioni habari zitakuwa zimefika Kahama.

Jilala naye akaeleza yake, kwa maneno machache, akautoa mfukoni ule mkunjo wa kibwebwe na kuuweka kwenye turubai katikati ya michembe.

Mariana hakukigusa mara moja. "Kundini nitarudi," alimwambia Jilala, "kwa sababu ni kwetu." Kisha akamgeukia Kalisti. "Studio yako sitarudi. Usiniombe msamaha leo, sina wa kukupa. Nikiwa nao nitakuambia."

"Sawa, dada."

"Na wimbo tutarudia. Ila mashine nitachagua mimi."

Kalisti ndiye aliyembeba Dume. Alikwenda na Mariana parokiani kuomba Mtamba asikilizwe tena, akakaa mlangoni wakati Mariana anaimba na mashine moja, kisha na nyingine. Fundi Donatus wa Shinyanga, aliyewahi kufanya kazi na Marselino, alikuwa ameshamfungua Dume na kubadilisha kapasita mbili, vile vifaa vidogo vya umeme, zilizokuwa zimekauka. Alipomaliza alisema mluzi umekwisha. Kalisti alimuuliza mara ya pili, halafu akakubali, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kujua.

Alidhani sasa Mariana atamchukua Dume. Mashine ilikuwa nzima, na mshindo wake hauna mwenzake mkoa mzima. Mariana aliisikiliza kwa uangalifu, hata akacheza kidogo. Kisha akaizima.

"Mzuri," alisema. "Ila akinguruma huyu, wanawake hatusikiki. Yule mdogo anapiga na kutupisha. Namchukua Mtamba."

Kalisti aliwaza juu ya yale yote aliyoyasoma, na jinsi ambavyo hajawahi hata mara moja kujiuliza kama wanawake watasikika. Vijana wa parokia walimchukua Dume kwa shangwe.

Wimbo ulirudiwa Shinyanga mjini, kwenye studio ya Edward, mtu ambaye Kalisti alikuwa amemsema vibaya miaka mingi. Edward alimpa mkono bila maneno mengi. Wateja wa Nyihogo walikuwa wameanza kupungua. Wengine walikuja kumtazama tu. Kalisti alimwambia Edward anaweza kumsaidia upande wa besi na mshindo, huko bado yuko sawa, na juu asiulizwe. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kazini. Ulimi ulikuwa mzito, kama anaongea lugha ya kujifunza.

Mchana walipumzika. Kalisti alitoka akakaa kwenye ngazi za nje. Baada ya muda Mariana naye alitoka na chupa ya maji, akasimama, hakukaa.

"Nataka kujua kitu," alisema. "Nikiimba, wewe unasikia nini?"

Angeweza kusema, nasikia vizuri. Mdomo ulishaanza kujipanga hivyo. Akausubiri utulie.

"Nakusikia ukianza," alisema. "Chini nakusikia kabisa, nasikia mpaka pumzi. Ukipanda nakusikia mpaka mahali fulani, halafu naona shingo yako inaendelea na mimi sina kitu. Nasubiri. Halafu unarudi."

Mariana alifikiri, chupa mkononi.

"Mahali gani? Kwenye neno gani?"

Akamwambia neno. Mariana akaliimba palepale kwenye ngazi, si kwa nguvu, akamtazama usoni. Kalisti akatikisa kichwa. Mariana akalishusha kidogo, akaliimba tena.

"Hapo nakusikia," alisema Kalisti.

"Hapo," alirudia Mariana, akafunga chupa, akaingia ndani kwa sababu Edward alikuwa anaita.